Inzi wa matunda wa kulishia: uji wangu unaota ukungu kila mara, nisaidieni

Mkude_Ar: Wakuu habari za jioni. Nafuga vile vinzi vya macho mekundu vinavyojaa kwenye ndizi zilizoiva sana. Napika uji wa ndizi na dona, natia kwenye chupa ya plastiki, nafunika kwa kitambaa, lakini hazipiti siku nyingi juu pametanda ukungu wa kijani, inzi wanazama kwenye majimaji wanakufa, mabuu hakuna. Nawataka wengi na haraka. Shida iko wapi?

MamaVifaranga: Mdogo wangu fuga kuku. Mimi nilianza na funza wa kulishia kuku, majirani wakanipeleka kwa mjumbe sababu ya harufu, ila kuku walinenepa jamani, hadi leo wateja wananiulizia.

FundiSiki: Uji wako mwepesi halafu hauna siki. Ponda ndizi mbivu, tia dona na sukari guru, pika uwe mzito, ukigeuza kijiko usidondoke. Epua, tia siki kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe cha uji, ndo inazuia ukungu. Ukishapoa kabisa nyunyiza hamira chembe chache tu, ukijaza utachacha na ile hewa yake itawaua humo ndani. Chomeka kipande cha trei ya mayai wapate pa kukaa. Chupa isimame kwenye sahani ya maji, sisimizi wasipande, na usiweke juani: kwenye nyuzi 25 unapata inzi wapya kwa siku 10 hivi, ikifika 30 madume hawazalishi. Unalisha nini lakini?

Mkude_Ar: Viumbe vidogo tu mkuu.

FundiSiki: Samaki? Vyura? Sema tujue ukubwa wa inzi.

Mkude_Ar: Haya, vinyonga. Watoto, hawafiki hata urefu wa kidole changu. Mama yao alikuwa kwenye ua wa michongoma hapa nyumbani, nikamweka kwenye boksi akazaa. Sijaenda kuiba porini, msinianze. Na kuna mtu keshasema atawachukua wote.

Kaka_Moro: Uzi wa kutunga huu. Kinyonga anachimba shimo anataga mayai anafukia, nimeshuhudia kwa macho yangu. Eti kazaa!

Shangazi_Tanga: Bibi yangu akikutana na kinyonga njiani anageuza anarudi nyumbani, safari imeisha. Wewe unalala nao chumba kimoja?

MwalimuBios: Kaka, huyo wa kwenu kweli anataga. Ila wa pembe tatu wa mlima Meru anazaa watoto hai, sawa na ndugu zake wa mlima Kenya. Hadithi ya Mkude inawezekana kabisa. Mimi nauliza kibali. Kinyonga ni mnyamapori, huwezi kumfuga wala kumuuza bila kibali cha TAWA, ile mamlaka ya wanyamapori Tanzania, na kusafirisha wanyama hai nje kulizuiwa 2016. Huyo mnunuzi ni wa wapi?

Mkude_Ar: Anasema mambo ya karatasi atashughulikia mwenyewe.

MwalimuBios: Akikamatwa watakuja kwako, si kwake. Warudishe kwenye ua ule ule leo leo, wametoka tumboni wanajua kuwinda.

Mkude_Ar: Mwalimu nimekusikia, lakini ua una paka wa jirani, nikiwaachia hivi hawamalizi wiki. Acha kwanza washibe. FundiSiki, hamira ya chenga au ile ya unga?