Velositi na volumu katika MIDI: noti moja inalipuka, nyingine inamezwa

Mpiga klavie, Katuba
Salamu wandugu. Natengeneza muziki wa kusindikiza kwaya hapa Lubumbashi. Klavie imeunganishwa kwa USB, narekodi MIDI (maagizo ya noti, si sauti yenyewe) kwenye Reaper, programu ya kurekodi muziki. Piano ya mkono wa kulia inalipuka, ya kushoto inamezwa. Nikishusha volumu ya pisti (njia ya ala moja ndani ya programu), zote zinashuka na tofauti inabaki ileile. Tena kitufe cha volumu ndani ya sinti (ala ya kielektroniki inayotoa sauti) kinajirudisha chenyewe kila nikicheza wimbo toka mwanzo. Nirekebishe wapi?

Fundi wa sauti, Kamalondo
Ndugu, volumu inagusa pisti nzima. Unachotafuta ni velositi, yaani nguvu ya kidole kwenye noti moja, 1 hadi 127. Nayo haibadilishi ukubwa wa sauti peke yake: piano nzuri ya kompyuta ina sampuli (rekodi fupi) laini na sampuli kali kwa kila noti. Noti ya 120 ukiishusha kwa volumu itakuwa ndogo, lakini ukali wake hautoki.

Kwanza kagua klavie. Velositi zote zikiwa namba moja, mguso umezimwa. Zikiruka kutoka 30 hadi 120 kwa kidole kilekile, badilisha mpangilio wa mguso (laini, wa kati, mgumu) urekodi upya. Ni afadhali kuliko kuhariri noti mia.

Kisha fungua kihariri cha MIDI, vijiti vya velositi viko chini ya noti. Usizilazimishe zote ziwe 90, piano itakufa. Punguza tofauti tu: chukua 75 kuwa katikati, bakiza asilimia 60 ya umbali. 120 inakuwa 102, 40 inakuwa 54. Na usiziburute zote juu kwa pamoja, maana zinazofika 127 zinabanana hapo na tofauti yao inapotea.

Mama Kinanda, Kenya
Kitufe kinachojirudisha ni CC7, yaani agizo namba 7 la MIDI, volumu ya chaneli. Klavie nyingi zinaituma ukichagua sauti, nayo ikarekodiwa. Fungua mstari wa CC7, futa zote, acha moja ya 100 kabla kidogo ya noti ya kwanza. Kwa hesabu ya General MIDI (kanuni ya pamoja ya vyombo vya MIDI), 100 iko desibeli 4 hivi chini ya 127, na 64 iko karibu 12 chini, kwa hiyo usiivute ovyo. Kupanda na kushuka ndani ya wimbo ni kazi ya CC11, agizo la kuongeza na kupunguza sauti kwa hisia.

Mpiga klavie, Katuba
Asante mama, asante mkubwa. Na ogani? Nimepandisha velositi hadi 127, haikubadilika kitu.

Mama Kinanda, Kenya
Mwanangu, ogani ya aina ya Hammond haijali nguvu ya kidole, hata ile halisi. Sauti inaongezwa kwa pedali ya mguu. Chora CC11: ubeti 80, halafu panda taratibu ndani ya mipigo 4 hadi 110 kwenye kiitikio. Ukimaliza sehemu kwa kushuka hadi 0, rudisha namba kabla ya sehemu inayofuata. Ukisahau, pisti inakuwa bubu na utahangaika na waya bure. Sinti isiyosikia CC11, tumia otomesheni ya volumu ya pisti, yaani mstari unaochora ili programu ibadilishe volumu yenyewe.

Fundi wa sauti, Kamalondo
Gitaa la seben (sehemu ya kucheza dansi katika muziki wa Kongo) nalo liangalie. Noti inayorudiwa haraka kwa velositi moja inasikika kimashine. Ya kwanza ya kila kundi ipe 95, zinazofuata zicheze kati ya 68 na 80, bila mbili zinazofuatana kulingana.