Tupeane uzoefu: kubadilisha madirisha kuukuu katika hosteli ya wanafunzi

Mtoa mada, Morogoro

Ndugu wanabodi, salaam. Ninasimamia hosteli ya wanafunzi wa chuo, jengo la ghorofa moja ambalo madirisha yake ya luva hayajaguswa tangu lilipojengwa. Vishikizo vimeliwa na kutu, baadhi ya vioo vimedondoka na nafasi zake zimezibwa kwa maboksi, na wakati wa masika mvua ya upepo huingia hadi kwenye magodoro. Uongozi umeridhia yabadilishwe, na kila fundi aliyekuja kupima anapendekeza aluminiamu ya kusukuma pembeni. Kabla malipo ya awali hayajatoka, ningependa kuwasikia waliokwisha kuifanya kazi hii mahali wanapolala watu wengi, maana dirisha la sebuleni kwa mtu na dirisha la chumba chenye vitanda vinne vya dabodeka ni mambo mawili tofauti.

Fundi wa aluminiamu, Dar es Salaam

Ndugu mtoa mada, kazi hiyo ndiyo inayonilisha, kwa hiyo nisieleweke kuwa ninaipiga vita. Dirisha la kusukuma lenye vipande viwili hufunguka nusu tu, kwa kuwa kipande kimoja lazima kikae mbele ya kingine, ilhali luva nzima zikifunguliwa sawasawa hupitisha hewa karibu katika nafasi yote. Ukiongeza wavu wa mbu, hewa inapungua tena. Katika chumba cha watu wanane joto la usiku litakuletea malalamiko ambayo hukuwa nayo wakati wa maboksi. Omba bei ya dirisha la bawaba linalofunguka lote, ingawa kwa kawaida ni ghali zaidi, au weka luva mpya sehemu ya juu na kioo kizima chini.

Kuhusu kipimo, kuta za zamani hazijanyooka. Upana hupimwa juu, katikati na chini, urefu hupimwa kushoto, katikati na kulia, kisha fremu hutengenezwa kwa kufuata kipimo kidogo kuliko vyote, ikipunguzwa kidogo ili iingie bila kulazimishwa. Upenyo unaobaki uzibwe kwa silikoni, kwa sababu aluminiamu hutanuka kwa joto takriban mara mbili ya zege, na ukiziba kwa saruji tupu ufa hautachelewa. Kagua pia matundu ya kutolea maji kwenye reli ya chini, pamoja na mteremko wa kizingiti cha nje. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha madirisha mapya yanayovuja, na mara nyingi kioo na fremu havikuwa na tatizo. Mtu alikuwa ameyaziba matundu hayo kwa silikoni akidhani ni kasoro.

Mwalimu mlezi, Machakos

Wengi hujadili kioo, lakini sisi tulijadili vyuma. Mnamo Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, hapa kwetu Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje. Mzazi mmoja alituuliza katika mkutano ni nani angelipa blanketi zikiibwa, nalo ni swali la haki, ila jibu lake ni ua na mlinzi. Dirisha la kusukuma pembeni, hata lisipokuwa na vyuma, bado halifunguki nje, na nafasi yake ya kupita ni finyu.

Mwanafunzi, Leipzig, Ujerumani

Huku baridi ndiyo inayoamua. Katika makazi yetu madirisha ya mbao yaliyokuwa yakipitisha upepo yaliondolewa, yakawekwa ya vioo viwili yanayobana kabisa, na kabla majira ya baridi hayajaisha ukungu mweusi ulitokea pembeni mwa ukuta katika vyumba vya waliokuwa wakianika nguo ndani. Tulielekezwa kufungua dirisha lote wazi kwa dakika chache asubuhi na jioni badala ya kuliacha limeinama, yaani limefunguka kidogo kwa juu tu, siku nzima.

Msimamizi wa bweni, Tanga

Fanyeni wakati wa likizo, chumba kwa chumba, na msing'oe la zamani kabla jipya halijafika likiwa limekamilika. Kama mna fremu za chuma zilizopakwa rangi miaka mingi iliyopita, msizipige msasa zikiwa kavu, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu.

Mtoa mada, Morogoro

Nawashukuru. Mwalimu, vyumba vya chini vinatazamana na barabara, na uongozi hautakubali vikae bila nondo. Je, kuna njia ya kati?

Mwalimu mlezi, Machakos

Kwa vyumba vya chini nimeona chuo kimoja kikitumia nondo zenye bawaba, zenye komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, lililofunikwa kwa bati ili mkono wa mtu aliye nje usilifikie. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie mwanafunzi alifungue usiku, taa zikiwa zimezimwa.