Kadi ya boza ndani ya droo ya serikali, jamani!!

Wallahi nimetoka huko sasa hivi mikono yatetemeka. Nyote mwamjua, yule mkubwa wa malalamiko ya maji, mwenye saa ya dhahabu na kiti cha kuzunguka, simtaji. Huku Kisauni, Mombasa, mifereji imekauka mpaka buibui wamezaa ndani, nikapeleka barua ya mtaa yenye saini zetu. Akaisoma, akaigonga muhuri, halafu kwenye droo ILE ILE alotolea muhuri akatoa kadi ya biashara ya maboza ya maji, yale malori ya tangi, na namba ya simu ndo ile ilobandikwa mlangoni kwake! Ati "mama, hapa utangoja sana, piga hapo jioni boza laja."

Kadi! Droo ya muhuri!

Sasa huyu ana haja gani na mfereji wangu, na ukitoka maji boza lake lalala? Kifungu cha 75 cha Katiba chasema afisa asigonganishe maslahi yake na kazi ya umma, na Julai 2025 Rais Ruto katia saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi, mtu atangaze biashara zake na akae kando. Huyu hajakaa kando, kaikalia koki! Na kadi imeandikwa "maji safi wakati wowote". Wakati wowote! Mie nakesha na ndoo usiku kucha nangoja tone, yeye anayo wakati wowote, tena kwenye droo!

Kijana_wa_Majengo: Dada si ungemuomba diskaunti 😂😂

BabaZ: Maji tu? Askari wa trafiki wana matatu zao, zetu zasimamishwa kila steji, zao zapungiwa mkono.

Mzee_Barazani: Haya ni ya tangu 1971, Tume ya Ndegwa, ile ya kuchunguza utumishi wa umma, iliposhauri wafanyakazi wa serikali waruhusiwe kufanya biashara. Wajukuu wao ndo hao.

Mwenye uzi: Mzee, droo YA MUHURI nakwambia!!

Kijana_wa_Majengo: tushasikia droo 😂

Likoni_Damu: Na daktari wa serikali je? Wodini hata panadol hakuna, duka lake ng'ambo ya barabara dawa zimejaa mpaka dari.

MamaTudor: Hao afadhali, mie naogopa wenye paspoti mbili. Kifungu cha 78 chakataza afisa wa dola uraia wa nchi mbili, kwa sababu ukimbana apanda ndege aende kwao kwa pili.

BabaZ: Mambo ya paspoti fungua uzi wako, hapa twazungumza matatu. Juzi manyunyu tu, nauli ya Mtwapa ikaruka mara mbili.

Likoni_Damu: Mtwapa mwalia nini nyinyi, mshawahi kukwama ferini saa moja asubuhi na feri moja imeharibika?

BabaZ: Hamieni kisiwani basi.

Likoni_Damu: Kwa kodi gani ya nyumba, utalipa wewe?