Mrejesho: Atenza wagoni ya dizeli hapa Tabora

Wakuu, niliuliza kama Mazda Atenza wagoni ya dizeli itafaa familia ya watoto wanne, wengi mkanionya kuhusu masizi. Nimeichukua, ya 2014.

Injini ni lita 2.2, nguvu za farasi 175, lakini utamu uko kwenye nguvu ya kuvuta (torque): Nm 420 injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 tu kwa dakika. Tukiwa tumejaa, na madumu matatu ya asali ya Sikonge nyuma, nalipita lori barabara ya Nzega bila kukamua injini. Imetulia mno.

Masizi mlisema kweli. Wiki ya pili ya safari za sokoni na shuleni, taa ya DPF, yaani chujio la masizi kwenye bomba la moshi, iliwaka. Fundi akashauri tuling'oe hilo chujio, nikakataa. Nikaenda Nzega bila kusimamasimama, taa ikazima, maana linataka joto la safari ndefu liunguze masizi. Na jamani, pimeni oili kwa stiki mara kwa mara: ikipanda badala ya kushuka, dizeli inachanganyikana nayo, mwageni oili hiyo mapema muweke mpya.

Kwa njia za vumbi za Ulyankulu, hapana. Iko chini.