Kumbe yule mandubu anajua Kiswahili! Miezi mitatu ananitazama tu!

Fundi Viyoyozi (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Nimeingia chumbani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Mlioko Muscat hapa Omani mnamjua ninayemsema, sina haja ya kumtaja. Yule mandubu, mtu wa makaratasi wa kampuni, mwenye gari jeupe lililojaa mafaili mpaka kiti cha abiria, anayetembea na pasipoti za watu kafunga mpira kama mafungu ya mchicha. Huyo huyo.

ANAJUA KISWAHILI. Tena si cha kuokoteza. Cha Unguja, kimenyooka kuliko changu!

Mimi nilikuja kihalali kabisa. Mwajiri aliomba kibali Wizara ya Kazi, viza ikatoka, nikaja, nikapimwa damu, nikapigwa picha ya kifua. Kilichobaki ni alama za vidole na bataka, yaani kadi ya ukaazi, basi. Wenzangu niliopanda nao ndege moja wana kadi zao za ukaazi kitambo, wameshafungua akaunti benki, wanatuma hela kwao. Mimi mshahara napewa mkononi kama kibarua, na nikiona gari la polisi moyo unaruka wakati sijaiba hata sindano. Miezi mitatu! Mtoto anaota meno, anatambaa, anasimama, mimi nasubiri kadi ya plastiki.

Kila nikimfuata huyu bwana jibu lake ni moja: "Bukra. Mushkila." Yaani kesho, kuna tatizo. Anagonga karatasi kwa kidole, anaondoka. Nikimuuliza mushkila gani, ananitazama kama ukuta.

Leo nimemkuta kituo cha bataka, foleni imejaa hadi mlangoni. Nikamgeukia mwenzangu, nikasema taratibu, tena kwa Kiswahili: "Huyu mzee kazi yenyewe haijui, anazungusha watu tu." Akageuka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akavaa tena. Akasema, maneno yake haya haya: "Kazi yangu naijua, mwanangu. Wewe ndiye hulijui jina lako."

Kisha akaisukuma pasipoti yangu juu ya kaunta. Ikateleza, ikaanguka, ikafunguka penye picha, palepale kiyoyozi kinapodondosha maji. Sura yangu kwenye dimbwi, watu wanacheka!

Kumbe tatizo lote ni jina la babu. Kwenye kibali wameandika Khamis, pasipoti inasema Hamisi. Herufi moja mwanzo, herufi moja mwisho! Neno ambalo angenieleza kwa Kiswahili siku ya kwanza, kwa sekunde kumi, tukaenda kurekebisha. Lugha alikuwa nayo mdomoni miezi mitatu, akaitoa siku ya kunitukana.

"Wewe ndiye hulijui jina lako." Mbele ya watu!

Mama Wawili wa Sohar

Pole sana kaka yangu. Lakini mbona pasipoti ilikuwa kwake? Sheria ya kazi ya 2023 hairuhusu mwajiri kukaa na pasipoti yako bila ridhaa yako ya maandishi. Uliandika?

Fundi Viyoyozi

Dada, siku ya kwanza nilisainishwa karatasi sita za Kiarabu. Nilichosaini sikijui. Aliyenionyesha pa kuweka sahihi ni yeye, kwa kidole kile kile, kimya kile kile.

Jogoo la Mtaa

Sasa mkuu, Muscat unamsema mtu kwa Kiswahili ukidhani hasikii? Ruwi hiyo, Seeb hiyo, kila baraza lina mtu aliyelelewa na bibi wa Unguja au Pemba. Mimi hapa hata mkojo ukinibana nauliza choo kwa Kiswahili na najibiwa. Tuambie ukweli, miezi mitatu ulikuwa unamsema nini kingine mbele ya sikio lake?

Fundi Viyoyozi

Sikumtukana! Labda siku moja nilisema gari lake linanuka mafaili. Linanuka kweli.

Jogoo la Mtaa

Haya, bataka ndiyo imeishia hapo 😂😂😂

Kofia ya Viua

Mie ni Muomani, mama yangu kazaliwa Mjini Unguja. Familia yetu iliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, ikaja huku miaka ya sabini Sultan Qaboos alipowaita watu warudi. Nyumbani kwetu Kiswahili ndicho cha jikoni mpaka leo. Basi msitutie sote kapu moja na huyo bwana. Alivokufanyia si uungwana. Ila na wewe, kofia ya viua ulikuwa huioni kichwani pake?

Fundi Viyoyozi

Niliiona, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kofia ile ile ya marehemu babu yangu, huyo Hamisi mwenyewe. Ningejua tungesalimiana kama watu. Akavua miwani, akaifuta, ndipo akanitukana. Yaani alikuwa na muda wa kufuta miwani!

Mzee wa Deira

Dogo hama huko, njoo Dubai. Huku hakuna siasa za bibi wala babu, mambo yote kwenye simu, kitambulisho kinatoka haraka.

Dada Satwa

Mzee wa Deira usidanganye watoto wa watu. Kitambulisho kitatoka, utalala wapi? Mimi nimepanga kitanda, sisemi chumba, kitanda, cha juu, pazia likiwa ndiyo mlango. Chini yangu analala mtu anayepiga simu kwao saa nane usiku, analia, anacheka, analia tena. Mkishafukuzwa kazi muda wenu wa kubaki ukiisha, faini ni dirhamu 50 kila siku mpaka uondoke. Hesabu mwezi mmoja tu, ni 1,500. Ndiyo Dubai hiyo anayokuitia.

Mzee wa Deira

Asiyeweza Dubai arudi kwao.

Dada Satwa

Wewe si ndiye ulikuwa unaazima kadi yangu ya treni mwezi uliopita? Nirudishie.

Baba Watatu Riyadh

Mnalia na kadi na vitanda. Mimi huku Saudia iqama, yaani kibali cha ukaazi, ninayo, sawa, lakini kila anayenitegemea nalipia riyali 400 kwa mwezi. Mke na watoto watatu, 1,600 kabla sijanunua hata mkate. Nimewarudisha wote nyumbani. Mtoto wa mwisho sasa akiniona kwenye simu anamuuliza mama yake huyu ni nani. Huyo mandubu wako kakuambia hulijui jina lako, mimi mwanangu halijui langu.

Mama Wawili wa Sohar

Baba Watatu, Mungu akutie nguvu. Hilo limenichoma.

Mlinzi wa Doha

Qatar kidogo wamejitahidi. Tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000, na kama mwajiri hakupi malazi na chakula anaongeza 500 na 300. Kuhama kazi huombi tena karatasi kwa mwajiri wa zamani. Lakini ya kwangu chakula anatoa yeye, na ni dengu. Asubuhi dengu, usiku dengu. Ijumaa dengu zenye limau.

Jogoo la Mtaa

Limau Ijumaa! Huyo mwajiri anakupenda.

Fundi Viyoyozi

Wakuu, turudi kwenye mada. Kuna aliyewahi kurekebisha jina kwenye kibali? Najiuliza kama nibaki au nirudi. Mshahara rial 190, chumba na wenzangu Wadi Kabir. Nikituma 100 nyumbani, ni zaidi ya dola 250, wadogo zangu wawili wanasoma. Tena mimi kazi yangu ni juu ya mapaa. Juni mpaka Agosti sheria inakataza kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi 9:30 alasiri, lakini saa 4 asubuhi bomba la shaba tayari linaunguza kiganja, na saa hiyo sheria hailioni bomba. Yote hayo navumilia. Kuambiwa silijui jina langu na mtu aliyevaa kofia ya babu yangu, hilo limenishinda.

Mama Wawili wa Sohar

Baki umalize mkataba kaka. Tangu Januari 2021 mkataba ukiisha unaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila barua ya wa zamani. Ukikimbia sasa, bataka huna na kazi huna. Mwambie mwajiri mwenyewe, si mandubu, apeleke ombi la kusahihisha jina, na uambatanishe nakala ya cheti cha kuzaliwa iliyotafsiriwa Kiarabu.

Mhasibu Ghala

Mnasahau na kodi inakuja. Januari 2028 Omani inaanza kutoza kodi ya mapato ya mtu binafsi, 5%.

Jogoo la Mtaa

Kwa anayepata zaidi ya rial 42,000 kwa mwaka, mhasibu. Huyu mwenzetu ana 190 kwa mwezi, kodi itampita mbali kama ndege ya Salalah.

Mhasibu Ghala

Nilikuwa natoa taarifa tu. Kuna wenye mishahara humu.

Kofia ya Viua

Mtaje mmoja.

Mpangaji Mpya

Samahani wadau, naingia Muscat mwezi ujao. Dada wa Satwa kaongelea kitanda, kuna mtu anauza kitanda Ruwi au Wadi Kabir?

Jogoo la Mtaa

Ninacho, cha chuma, rial 12. Mguu mmoja unayumba kidogo.

Fundi Viyoyozi

Jamani! Pasipoti yangu nimeianika juu ya kiyoyozi mpaka sasa, ukurasa wa picha umejikunja, nyie mnauziana vitanda?

Mpangaji Mpya

Pole mkuu. Hicho cha rial 12 kina godoro?