Hawa wa Gredi ya 7 hadi 9 wakae wapi: msingi au sekondari?

MzaziBungoma
Wale wa kwanza hapa Kenya walioingia Gredi ya 7 Januari 2023 wameshafanya KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, 2025 na kwenda zao. Mimi bado nina mmoja Gredi ya 8, shule ile ile aliyoanzia chekechea. Sauti imeshakuwa nzito, kidevu kinaota ndevu, na kwenye paredi ya asubuhi anasimama nyuma ya watoto wa PP1, yaani chekechea, wanaolilia kifutio. Naomba kueleweshwa: miaka hii mitatu anajifunza nini ambacho hangekipata vizuri zaidi akiwa sekondari? Marehemu Magoha, akiwa waziri wa elimu, alijenga madarasa ya CBC, huu mtaala mpya, huko huko sekondari, kisha Desemba 2022 kamati ya rais ya mageuzi ya elimu chini ya Profesa Munavu ikasema wabaki msingi. Na tusifichane, walimu wenyewe hawaivi chungu kimoja. Shuleni kwetu wa JSS, yaani wa Gredi ya 7 hadi 9, wana birika lao la chai na wa msingi wana lao.

ChakiNyeupe
Mzazi, hilo la birika limeniingia. Mimi ni wa JSS. Tulipofika tulikuwa wawili, masomo ya lazima 12, mimi wa historia na Kiswahili nikapewa Sayansi Jumuishi na kilimo. Siku ya pili saa nne tukaingia ofisini, mama wa jikoni akahesabu vikombe, akatuangalia, akatoka na birika lake. Hedimasta akasema chai ni ya waliochanga. Sasa sisi ndio hatuivi?

Mama Zawadi
Niseme la masomo kidogo. Binti yangu wa Gredi ya 7 alichuma yale maua mekundu ya uani, akayachemsha kwenye sufuria yangu ya uji bila ruhusa. Maji akayagawa vikombe viwili. Kimoja akakamulia limau, kikawa chekundu cha kuwaka. Cha pili akatia maji ya majivu, kikawa kijani. Akaniambia hii asidi, hii besi. Shule yao haina maabara hata ya kusingiziwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne na sikuwahi kuona rangi ikigeuka, nilikariri tu.

Kipimajoto
Maua sawa, mama Zawadi, hongera kwa binti. Lakini hadubini je? Wangu anaijua kwa kuchorewa kwenye karatasi ya manila. Serikali inasema Sh15,042 kwa kila mtoto wa JSS kwa mwaka, na zikifika zinafika vipande vipande. Uani hakuna mti unaozaa hadubini.

MstaafuWaP1
Nimesoma nikacheka. Ati kijana ana ndevu! Tangu 8-4-4 ianze 1985 tumefundisha darasa la saba na la nane hapo hapo msingi, wengine wana ndevu kunishinda, na hakuna mzazi aliyeandika barua. Tena nilikuwa na cheti cha P1 peke yake, kile cha ualimu wa msingi, nafundisha kila somo mpaka muziki. Leo wanaletwa wenye digrii, wanaingia na kikombe mkononi kabla hawajauliza choo kiko wapi.

ChakiNyeupe
Mzee, kwa heshima zako zote, digrii hiyo unayoicheka ilinilipa elfu 17 na kitu kwa mwezi nikiitwa mwanagenzi, yaani mwalimu wa mkataba wa mafunzo kazini. Mahakama ya Ajira ilisema Aprili 2024 kwamba tulivyoajiriwa si halali. Mei tukawa barabarani na mabango, watoto wakikaa bila mwalimu. Wewe wakati huo ulikuwa unakunywa chai ya nani?

MstaafuWaP1
Ya kwangu. Niliichanga tangu hujazaliwa.

Mbongo Halisi
Majirani, nimekuja kujifunza elimu nimekuta mkutano wa mkahawa 😂 Huku kwetu Tanzania sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka msingi iishie la sita, kisha sekondari miaka minne, yote kumi ni lazima. Maana yake mtoto wa miaka 12 anapanda sekondari. Tukishaanza kulia na sisi tutawaita. Chai tutakuja nayo.

Kipimajoto
Mbongo, kaa na chai yako ya rangi. Ya Kericho tunawauzia.

MzaziBungoma
Jamani, niliuliza kuhusu watoto. Mtoto wa miaka 14 anaambiwa achague njia ya masomo ya sekondari ya juu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Na KJSEA yenyewe ni asilimia 60 tu ya alama zake. KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, ina 20, kazi za Gredi ya 7 na 8 zina 20. Sasa hizo za Gredi ya 7, zilipimwa na nani mwaka ambao mwalimu alikuwa mmoja, au yuko kwenye maandamano?

ChakiNyeupe
Umesema maandamano kana kwamba tulikwenda harusini.

Mama Zawadi
Mimi sina shida na njia, binti ameshasema anataka STEM, sababu ni yale maua. Shida yangu ni choo. Msichana anaanza hedhi Gredi ya 7, mlango wa choo umeng'oka bawaba, na wa Gredi ya 3 wanachungulia kwa sababu ni watoto, wanacheza. Akipelekwa sekondari ya kutwa iliyo kilomita tano, anatembea alfajiri. Afadhali abaki, lakini mlango urudishwe. Hili hakuna anayelijibu, mmeng'ang'ania birika.

Kipimajoto
Mama, hela ya mlango iko kwenye ile 15,042. Ikishuka.

MstaafuWaP1
Mlango ni ubao na misumari. Enzi zetu wazazi walikuja Jumamosi na nyundo, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri.

Mama Zawadi
Sawa mzee, Jumamosi hii njoo na nyundo. Nitakupa jina la shule inboksi.

ChakiNyeupe
Na akija apewe chai ya birika gani?

MzaziBungoma
Ninajuta kutaja birika.

MstaafuWaP1
Nitakuja na thamosi yangu. Mama Zawadi, bawaba ni za inchi ngapi?