Jiji lizuiwe kubinafsisha polisi na zimamoto? Naomba mawazo, hasa watu wa Mbeya

MamaMchele, Ilomba

Habari za humu. Mimi nauza mchele wa Kyela, fremu yangu iko upande wa Mwanjelwa. Wiki iliyopita kikao cha wafanyabiashara kilianza saa kumi jioni, tukaachana usiku, na hatukuelewana. Mwenzetu mmoja alileta hoja kwamba tuchange, tutafute kampuni yenye gari la zimamoto na walinzi wa silaha. Mwingine akadakia: kwa nini tuchange sisi? Jiji lenyewe liingie mkataba na kampuni, zimamoto na polisi vyote, kama ilivyo kwenye taka. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

Sheria sijasoma, lakini moto naujua. Kuna mwaka nilipigiwa simu saa nane usiku, nikakimbia na kanga moja, nikakuta safu ya pili inawaka. Gari la zimamoto lilikuwa limeshafika. Halikuweza kuingia kwa sababu ya vibanda tulivyosogeza njiani wenyewe, na changu kimo: meza moja na magunia mawili juu yake. Niliburuta ile meza kwa mikono yangu, mchele ukamwagika kwenye tope. Fremu yangu ilipona. Ya shoga yangu anayeuza maharage ilibaki mabati tu. Mpaka leo habari ya usiku ule ikitajwa yeye hasemi kitu, ananitazama.

Sasa najiuliza: hiyo kampuni ingekuwepo, na shoga yangu mwezi huo hajalipa, ingekuwaje? Nimesikia kisa cha Marekani, South Fulton, Tennessee, mwaka 2010: zimamoto walifika, wakaiacha nyumba iungue kwa kuwa mwenyewe hakulipa ada ya dola 75, wakalinda eneo la jirani aliyelipa. Je, iwekwe sheria ya kulikataza jiji kabisa? Au tutakuwa tumejifungia mlango wenyewe?

MzeeWaSoweto

Mwanangu, jioni yenu ilipotea bure. Jiji haliwezi kubinafsisha kisicho chake. Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri, mimi nimekaa kwenye vikao vya kugombania hela ya mipira na dizeli. Ikaja Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, likaundwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Polisi ndiyo usiguse kabisa: ni jambo la Muungano, na Ibara ya 147 ya Katiba inakataza mtu au kikundi chochote kuunda jeshi isipokuwa Serikali. Meya wa Mbeya kuuza polisi ni sawa na mimi kukuuzia Mlima Loleza.

Ila msijidanganye. Ulinzi ulishauzwa siku nyingi bila mtu kupiga kura. Tembea kutoka Mafiati mpaka Uyole, hesabu sare za kampuni mlangoni mwa maduka na benki. Tofauti ni moja tu: mlinzi wa kampuni akimkamata mwizi wako, anampeleka wapi? Polisi. Hana mahabusu wala mamlaka ya kumfikisha mtu mahakamani. Mkimpa na hayo, basi mwizi mwenye hela atakuwa anakamatwa na mtu ambaye yeye mwizi ndiye anamlipa mshahara.

KijanaWaKabwe

Mama, shikamoo. South Fulton watu wanaisimulia nusu. Kikosi kile kilikuwa cha mji, si cha kampuni. Nyumba ilikuwa nje ya mipaka ya mji, na wa nje ndio waliokuwa wanatozwa ada. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kumtoza kila mtu kivyake, hata kama gari ni la umma.

Upande wa pili, Denmark kuna Falck, kampuni iliyoanza mwaka 1906, na manispaa nyingi ziliipa kazi ya kuzima moto. Manispaa inalipa, anayeunguliwa haombwi risiti. Ndiyo maana sheria ya kukataza moja kwa moja siipendi.

Kwenye polisi sibishi. Hata Sandy Springs, Georgia, mji uliokabidhi karibu kila kazi kwa kampuni mwaka 2005, polisi na zimamoto haukuvitoa.

MzeeWaSoweto

Kijana, na Scottsdale, Arizona, mbona umeiruka? Kampuni ilizima moto pale miaka zaidi ya hamsini, kisha ikasema yenyewe inaondoka. Mji ukalazimika kuanzisha kikosi chake mwaka 2005. Wao walikuwa na fedha. Sisi tuliona City Water, kampuni ya maji kule Dar es Salaam, mkataba wa 2003, serikali ikauvunja 2005. Maji utachota hata kisimani wakati mnashtakiana. Moto hausubiri hukumu.

MwenyePaina, Mafinga

Kamwene. Nina ekari sita za paina hapa Mufindi. Jirani yangu anaishi Dar, shamba lake hajafyeka faya laini, ile njia ya kuzuia moto, hata mara moja, na simu hapokei. Kiangazi kimoja mtu alichoma majani kuandaa shamba, moto ukamshinda. Tulitoka kijiji kizima na matawi mabichi na mabomba ya mgongoni. Shamba tulilolizima kwanza ni la yule wa Dar. Si kwa mapenzi, upepo ulikuwa unatokea kwake.

Kampuni ya wanaolipa ingesimama mpakani kwangu ikisubiri moto uvuke. Mimi nasema ikatazwe.

MamaMchele, Ilomba

Ndaga fijo, wote. Mzee, kumbe tulikuwa tunagombania ng'ombe wa mwenyewe. Kijana, marahaba, hilo la risiti umenifungua macho. Kama kuna cha kuandikwa kwenye sheria, kwangu ni hicho: asiwepo mtu wa kuulizwa amelipa au hajalipa wakati paa linawaka. Leo ukipiga 114 hawakuulizi, na hata kesho isije ikabadilika. Polisi ibaki ilipo. Walinzi wetu wa usiku tutaendelea kuwalipa, maana wizi wa magunia haujaisha.

Kikaoni nitasema mchango wa kampuni ugeuzwe mitungi ya kuzimia moto, na njia ya safu ya pili iachwe wazi. Najua watakachonijibu, kwa hiyo leo asubuhi meza yangu nimeiingiza ndani. Shoga yangu alipita, akaangalia pale ilipokuwa, akauliza, "Umehama?" Nikamwambia ndiyo.